Kambi ya mazoezi mlimani: namna ya kuipanga ili usirudi umechoka kuliko ulivyoenda

Mara ya kwanza kupanda mlimani kwa mazoezi nilikuwa fiti kuliko wakati wowote, na ndo maana nikaharibu kila kitu. Nilifika jioni, asubuhi yake nikavaa viatu nikatoka na spidi ileile niliyozoea nikiwa chini, siku ya tatu nikapiga intavali, yaani marudio ya kasi yenye mapumziko katikati, siku ya sita sikuweza kupanda ngazi za hoteli bila kusimama katikati, na wiki tatu zikaisha nashinda nimelala mchana na mafua hayaishi. Nikashuka, nikaingia kwenye shindano, nikakimbia vibaya kuliko kabla ya kambi. Tangu hapo nimepanda tena mara nyingi, peke yangu na pia nikiwa na vijana ninaowafundisha, na mtu akiniuliza kitu kimoja tu cha kukumbuka namwambia hivi: mlima unafanya kazi yake ukiwa umelala, umekaa, unakula, we kazi yako wiki ya kwanza ni kuuacha ufanye.

Nimeandika zaidi kwa wakimbiaji wa mbio za kati na ndefu, ila mwendesha baiskeli, mwogeleaji na hata mchezaji wa mpira atapata chake humu.

Kwanza ujue mwili unafanyiwa nini

Watu wanapenda kusema huko juu oksijeni imepungua kwenye hewa. Hapana, hewa ya mlimani ina oksijeni kama asilimia 21, sawasawa na ya ufukweni, kinachopungua ni presha ya hewa. Ukiwa mita 2000 presha imebaki kama asilimia 78 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni kidogo zaidi kwenye damu. Figo zikigundua hilo zinatoa homoni inayoitwa erithropoietini, wengi tunaijua kama EPO, nayo inauamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni inapanda ndani ya saa chache na kufika kileleni kama siku ya pili au ya tatu, lakini chembe zenyewe zinahitaji wiki kadhaa. Hesabu inayotumiwa sana na makocha ni kwamba kila saa 100 unazokaa juu himoglobini yote ya mwilini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, inaongezeka kwa wastani wa asilimia 1 hivi. Saa 100 ni siku nne na kidogo. Ndo maana wikendi mbili za mlimani ni matembezi tu, na kambi ya maana inaanzia wiki tatu.

Sasa kabla hujavuna hicho kuna kipindi kibaya. Siku za mwanzo maji ya damu yanapungua, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo kwa hiyo unalazimika kupiga haraka zaidi, unapumua sana, unakojoa sana, unalala vibaya. Na uwezo wako wa juu kabisa wa kutumia oksijeni unashuka hapohapo na hakuna ujasiri unaoweza kuurudisha. Angalia Olimpiki ya Mexico City 1968, mji uko kama mita 2240. Ron Clarke wa Australia ndo alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 10000, dakika 27 na sekunde 39, akamaliza wa sita na kuanguka amezimia baada ya mstari. Mshindi alikuwa Naftali Temu wa Kenya, aliyetoka nyanda za juu, na hata yeye alitumia zaidi ya dakika 29. Michezo hiyohiyo Bob Beamon akaruka mita 8.90, kwa sababu kitu cha sekunde chache hakisubiri oksijeni na hewa nyepesi haikuzuii. Hii shika vizuri, tutaitumia kwenye programu: mbio ndefu zinaumia, spidi fupi haiumii.

Hatua ya 1: pima damu wiki 6 hadi 8 kabla

Hii ndo watu wanairuka na ndo inaua kambi nyingi kuliko kitu kingine. Chembe nyekundu zinajengwa kwa madini ya chuma, ukipanda huna akiba ya chuma ni kama fundi amefika na saruji hakuna. Usipime himoglobini peke yake, omba na feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, maana himoglobini inaweza kuwa nzuri huku ghala liko tupu. Feritini ikiwa chini ya 30 (mikrogramu kwa lita) mi simpeleki mtu juu mpaka daktari amempa chuma na kipimo kimerudiwa. Wanawake wanaopata hedhi nzito na wasiokula nyama ndo wa kuangaliwa zaidi. Ila usijinunulie tu vidonge na kumeza kwa kubahatisha, chuma kikizidi nacho kinadhuru, na kuna watu mwili wao unakihifadhi kupita kiasi bila wao kujua. Ukiandikiwa, meza pamoja na kitu chenye vitamini C, na ukae mbali na chai na kahawa saa hiyo maana zinazuia chuma kisiingie.

Kwa daktari huyohuyo uliza na mambo mengine. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande. Hata anayebeba tu vinasaba vya selimundu bila kuumwa, anapaswa kuongea na daktari kabla, kwa sababu mwinuko pamoja na mazoezi makali vinaweza kumletea shida ya wengu. Mwenye tatizo la moyo au mapafu na mjamzito vilevile. Na kama una mafua, homa, au jeraha ambalo halijapona, ahirisha, mlimani mtu hapandi kwenda kupona.

Hatua ya 2: chagua sehemu kwa mwinuko wa kitanda

Kinachohesabika zaidi ni unapolala, sababu hapo ndo unatumia saa nyingi. Lenga kati ya mita 1800 na 2500. Chini ya 1600 mwili haushtuki vya kutosha, ukipita 3000 usingizi na hamu ya kula vinaharibika na uzito unaweza kupungua. Sehemu zinazojulikana duniani ziko ndani ya kiwango hicho karibu zote: St. Moritz huko Uswisi na Font-Romeu ya Ufaransa ziko kama mita 1800 na kidogo, Flagstaff ya Marekani kama 2100, kituo cha Sierra Nevada cha Hispania 2320, Iten ya Kenya kama 2400.

Kwenye vituo vya kitalii vya milimani kuna mtego. Tangazo linasema mita 2400, kumbe hicho ni kituo cha juu cha lifti za kebo na hoteli yenyewe iko 1500 bondeni. Uliza mwinuko wa jengo. Halafu fungua ramani yenye mistari ya mwinuko utafute barabara au njia tambarare ya angalau kilomita 4 au 5, ukingo wa ziwa ni dhahabu, kwa sababu ukikosa tambarare kila mbio nyepesi itageuka kuwa mlima na hakutakuwa na mbio nyepesi tena. Uliza pia jikoni wanafungua saa ngapi asubuhi, kama kuna jimu au mashine ya kukimbilia siku ya theluji, na kama kuna barabara inayoshuka bondeni mita 600 hadi 1000 kwa gari la dakika 30 au 40. Hiyo ya mwisho utaona faida yake wiki ya tatu.

Kaa wiki tatu, ukiweza nne.

Hatua ya 3: siku ya kufika na usiku wa kwanza

Fika umepumzika. Wiki ya kusafiri punguza mazoezi, usije umetoka kukimbia nusu marathoni juzi. Siku yenyewe tembea nusu saa, kula, kunywa maji, lala mapema, basi. Pombe acha kabisa siku za mwanzo, inaharibu usingizi na kupumua.

Usiku wa kwanza au wa pili unaweza kushtuka saa nane unahema kama mtu aliyetoka chini ya maji. Kilichotokea ni kwamba usingizini pumzi imekuwa ikienda kwa mawimbi, unavuta nzito nzito, inapungua, inakata sekunde kadhaa, halafu mwili unakuamsha. Kijana mmoja niliyekuwa nalala naye chumba kimoja nilikaa nikimsikiliza kwenye giza, pumzi tano sita kubwa, kimya, nahesabu moja mpaka tisa, halafu anavuta kwa nguvu na kugeuka upande. Kwa mwinuko huu hilo ni la kawaida na linapungua baada ya siku chache. Ila usimeze dawa za usingizi, zinaweza kupunguza kupumua zaidi.

Na hapa kuna onyo kubwa kwa wanaoshindana. Dawa inayopewa watalii kwa ajili ya ugonjwa wa mlima, asetazolamidi, iko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, kundi la dawa za kukojoza. Mtu wa mapokezi anaweza kukupa kwa wema kabisa na ukajikuta na kesi. Chochote kabla hujameza muulize daktari wa timu.

Hatua ya 4: wiki ya kwanza, fanya kidogo kuliko unavyotaka

Siku tatu za kwanza ni dakika 30 hadi 40 za kukimbia taratibu mara moja kwa siku, jioni tembea ukitaka. Kuanzia siku ya nne ongeza mpaka dakika 50 au saa moja. Jumla ya wiki iwe kama asilimia 60 au 70 ya unayokimbia chini. Spidi usiiangalie kabisa, geuza saa uache mapigo ya moyo tu, maana ukiona umeongeza sekunde 30 au 40 kwa kilomita utaumia moyoni na utaanza kusukuma. Mapigo yakifika pale yanapokuwaga kwenye mbio nyepesi ukiwa chini, hapo ndo mwisho, hata kama inamaanisha kupanda kilima kwa kutembea. Tembea, hakuna aibu.

Kipimo changu hakihitaji saa. Asubuhi ya pili tulikuwa tunapita njia ya nyuma ya lifti, kamteremko kidogo halafu kamlima ka taratibu, mmoja wa vijana wangu akasema, “Kocha mi niko freshi kabisa, tuongeze.” Nikamwambia sawa, hesabu kwa sauti kutoka moja mpaka ishirini bila kuvuta pumzi katikati. Akafika tisa. Tukapunguza, tukapunguza tena, mpaka akafika kumi na nane, na ile ndo ikawa spidi yetu ya wiki nzima. Akiwa chini anafika ishirini na kitu huku anacheka. Kwa hiyo kabla ya kupanda jipime hesabu yako ya kawaida kwenye mbio nyepesi, ukiwa juu usiende spidi inayoikata zaidi ya namba mbili tatu.

Siku ya tano au ya sita weka vispidi vifupi, 6 hadi 8 vya sekunde 10 mpaka 15, unatembea mpaka umepumua kabisa ndo unarudia. Hivi havikuchoshi, kumbuka Beamon, na miguu inabaki inajua kukimbia haraka.

Na ile lifti ya kebo inayopeleka watu kilele cha mita 3000 kuangalia mandhari, wiki hii iache. Najua imelipiwa kwenye chumba, najua wenzako wanapiga picha, iache.

Daftari la kando ya kitanda

Nunua daftari dogo, peni ifunge humohumo. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kabla hata ya simu, pima mapigo kwa dakika nzima na uandike. Halafu umelalaje, kichwa kinauma au la, hamu ya kula, na ukishakojoa pima uzito. Ukiwa na kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni weka na hiyo, mita 2000 na kitu wengi wanasoma 90 hadi 95. Angalia inavyoelekea siku hadi siku, usihangaike na namba ya siku moja, vidole vikiwa baridi kinadanganya.

Ukurasa wangu wa kambi moja iliyokwenda vizuri uko hivi, mapigo kwa dakika: nyumbani 46, siku ya kwanza 54, ya pili 57, ya tatu 56, ya tano 52, ya nane 49, ya kumi 47. Huo mteremko ndo unautafuta. Namba ikigoma kushuka mpaka siku ya nane, usianze mazoezi makali eti kwa sababu kalenda inasema wiki ya pili. Na katikati ya kambi ikipanda ghafla 8 au 10 juu ya kawaida yako asubuhi mbili mfululizo, hiyo siku ni ya kutembea. Uzito ukishuka kilo mbili ndani ya siku chache hujapungua mafuta, huna maji au huli ya kutosha.

Hatua ya 5: wiki ya pili na ya tatu

Wiki ya pili rudisha wingi wa kilomita mpaka karibu na kawaida, na uingize kazi mbili za maana, si tatu. Katakata intavali zako ziwe fupi na mapumziko yawe marefu. Kama chini ulikuwa unafanya 6 za mita 1000 na mapumziko ya dakika 2, juu fanya 12 za mita 400 na mapumziko ya dakika moja na nusu mpaka mbili, au 5 za mita 1000 na mapumziko ya dakika 3 huku umekubali kwamba zitakuwa taratibu. Kwenye tempo, ile mbio ya kasi ngumu unayoishikilia bila kusimama, mi huwa naongeza sekunde 10 hadi 15 kwa kilomita nikiwa mita 2000, wengine wanahitaji zaidi. Kosa la hapa ni kung'ang'ania saa isome kama ya chini, unazama kwenye deni la oksijeni kwenye rudio la pili na mengine yote yanakuwa ya kujiburuza. Na ukizama huku juu kupona ni siku mbili tatu.

Wiki ya tatu ndo unatumia ile barabara ya bondeni. Mwaka 1997 Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walitoa utafiti wa wakimbiaji waliolala mita 2500 na kufanya mazoezi mita 1250 kwa wiki nne. Hao ndo muda wao wa mita 5000 uliboreka, wastani wa sekunde 13 hivi, kuliko waliolala juu na kukimbia juu muda wote. Maana yake unalala juu kwa ajili ya damu, unashuka kwa ajili ya spidi, kwa sababu chini misuli inaweza kufanya kazi kwa nguvu yake yote. Sio lazima kila siku. Kazi moja kwa wiki, ile ngumu kabisa, panda gari shuka bondeni, fanya spidi zako za kweli, rudi ule na ulale juu. Mbio nyepesi zote fanya juu.

Jumapili mbio ndefu usiirefushe kuliko ya chini, punguza asilimia 10 na utafute njia isiyo na mteremko mkali, mapaja yakiharibika kwenye mteremko wiki nzima imekwenda.

Wa baiskeli: nguvu yako kwa wati itashuka lakini spidi barabarani inaweza isishuke kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo pima kwa wati na mapigo tu. Waogeleaji maji hayawi mepesi, nyie ongezeni mapumziko kati ya marudio na mkae mbali na mazoezi ya kubana pumzi siku za mwanzo.

Kula, maji, jua

Hewa ni kavu na unapumua sana kwa hiyo maji yanatoka bila kuona jasho. Kunywa mpaka mkojo uwe wa njano hafifu, usinywe lita sita kwa kuogopa. Wanga uongezwe, mwili unaupendelea huku juu, na hamu ya kula ikipotea kula kidogo mara tano kuliko mara mbili kwa kulazimisha. Huu si wakati wa kupunguza uzito, mtu mwenye njaa hatengenezi damu. Jua la mlimani linachoma, mionzi inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1000 na theluji inairudisha usoni, kwa hiyo losheni, kofia na miwani hata kukiwa na ubaridi.

Ukiona hivi, shuka

Kichwa kuuma kidogo siku ya kwanza, sawa, pumzika. Kichwa pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usioisha, hakuna mazoezi mpaka viondoke, na visipoondoka shuka. Lakini mtu akihema akiwa amekaa tu, akakohoa makohozi yenye povu, akayumba akitembea kama mlevi, au akaanza kuongea vitu havieleweki, usisubiri asubuhi. Mshushe usiku huohuo na umpeleke hospitali. Kwa mita 2000 hadi 2500 ni nadra, ila kutokea kunatokea, na mwenzako wa chumba ndo atakayeona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo usiende kambi ya peke yako mara ya kwanza.

Hatua ya 6: kushuka na kushindana

Siku mbili tatu za mwisho punguza. Kama uko kwenye mfumo wa kupimwa dawa, sasisha mahali ulipo kabla hujasafiri, na ukitolewa damu taja kwamba umetoka kwenye mwinuko, mita ngapi, tangu lini mpaka lini, maana namba zako zitakuwa zimebadilika na sababu iwe imeandikwa.

Baada ya kushuka wengi wanajisikia vizuri siku mbili au tatu za kwanza, halafu inakuja wiki ya miguu mizito na pumzi isiyoeleweka, halafu kuanzia kama wiki ya pili mpaka ya tatu mwili unafunguka. Kwa hiyo makocha wengi wanalenga shindano ama siku mbili tatu baada ya kushuka, ama siku ya 14 hadi 21, na wanaepuka katikati. Lakini watu hawafanani, na usiweke shindano kubwa la mwaka kwenye kambi yako ya kwanza. Weka mashindano madogo mawili, endelea kuandika kwenye lile daftari kila asubuhi kwa wiki tatu baada ya kushuka, siku ambayo miguu ilikuwa mepesi izungushie duara. Mi duara langu limeangukia siku ya 16, ya 17 na ya 18 kwenye kambi tatu tofauti, kwa hiyo siku hizi nachukua tarehe ya shindano, narudi nyuma siku 17, na hiyo ndo tarehe ninayokata tiketi ya kushuka.